Hatua ya Dancille

"Hatua moja ya Dancille ni sentimita ngapi?"

Swali lilikuwa limetulia chini ya kioo cha kompyuta, kijistari kikipepesa kando yake kama jicho la mtu mwenye subira. Bibi Dancille alilisoma mara mbili. Aliyeliandika ni Bonaventure, mumewe. Na Bonaventure walimzika mwezi Machi, theluji ya Hagsätra, kitongoji chao cha Stockholm, ikiwa haijayeyuka.

Miaka yake yote ya Uswidi Bonaventure alichora ramani za majengo ya watu. Kwa kuwa alichukia kurudia kazi, alijitungia amri ndogondogo ndani ya programu yake: akiandika DIRISHA, dirisha linajichora lenyewe. Mjukuu wao Belyse, aliyerithi ufundi huo, alikuwa akizinakili ili azitumie kazini kwake. Zote zilimtii, ila moja tu, iliyoitwa BUYENZI: hiyo iligoma kuchora kabla swali lile halijajibiwa.

Buyenzi, Bujumbura, ndiko ilikokuwa nyumba yao ya kwanza. Haikubaki picha hata moja. Walikimbia na mtoto na sufuria. Na juma lililopita, akimenya viazi, Dancille alijikuta hakumbuki tena kama jiko lilikuwa kushoto au kulia kwa ua. Hakumwambia mtu. Kiazi kilimkalia mkononi hata kikageuka rangi.

"Hatukuwa na futi ya kupimia," alimweleza Belyse. "Mimi nilitembea, babu yako akaandika. Chumba cha kulala hatua tano, ua hatua kumi na moja."

"Basi tembea, farmor, tupime."

Farmor, bibi mzaa baba: neno la Kiswidi ambalo Dancille alilizoea kama kovu dogo. Akatembea kwenye korido, mkono ukutani. Sentimita thelathini na nne. Belyse akaandika. Chumba kikajichora, chembamba kama sanduku, kisha yakatokea maneno: *Kitanda hakiingii.* Amri ikakatika hapo hapo.

Dancille akajikalisha. "Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba ninayo, lakini haiutaki mguu nilio nao."

"Sijui, farmor."

"Basi nipe mji."

"Nakupa Stockholm."

"Stockholm ninayo tayari, na baridi yake nakurudishia!"

Wakacheka. Belyse alikuwa amenyoosha miguu chini ya meza, mirefu, na Dancille akaitazama kama atazamaye nguo yake ya zamani kwenye mwili wa mwingine.

"Simama. Tembea wewe."

Sabini na mbili. Belyse alitaka kuandika, bibi akamshika mkono. "Bado. Siku ile nilikuwa na baba yako tumboni, miezi minane." Akauchukua mto wa kochi, akamfunga nao kwa kitenge.

"Men farmor!" Belyse alipinga kwa Kiswidi: lakini bibi!

"Hebu tembea. Taratibu. Umebeba mtu."

Belyse alianza kwa mzaha, akijitikisa kama bata. Hatua ya nne, mzaha ukamtoka. Mkono wake ukashuka wenyewe, ukaushika mto kwa chini.

"Hapo," Dancille alinong'ona. "Hiyo ndiyo yangu."

Hamsini na sita.

Kitanda kikaingia. Mistari ikakimbia: baraza, sebule, ua, na mwisho kabisa, kushoto kwa ua, jiko.

"Kushoto," alisema Dancille. "Kushoto, jamani."

Akaweka kidole kwenye kizingiti kilichochorwa, midomo ikihesabu kimyakimya. Chini ya meza, bila yeye kujua, miguu yake ilikuwa inavua ndara, mmoja baada ya mwingine.