Pikapu za Nyuzi Saba

Uwesu aliulegeza uzi wa saba, ule mnene kuliko wote, akaulaza pembeni taratibu kama mtu anayesogeza mtoto aliyelala. Kisha akachukua bisibisi na kuuliza waanze na zipi.

Sixte akanyooshea kidole boksi jeusi. Mezani palikuwa na maboksi mawili, kila moja na jozi yake ya pikapu, vile visanduku vya sumaku na waya vinavyokaa chini ya nyuzi za gitaa na kuinasa sauti. Alikuwa amezisubiri miezi miwili. Pikapu za gitaa la nyuzi sita hata Mpanda ukiulizauliza utaelekezwa zilipo. Za nyuzi saba lazima ziwe pana, la sivyo uzi mmoja unabaki nje ya sumaku, unapigwa na hausikiki. Zubery, mwenye duka la vifaa vya umeme hapo Majengo, ndiye aliyeziagiza Dar baada ya kusumbuliwa sana. Aliziacha jozi zote mbili kwa fundi Uwesu, akamwambia Sixte achague kwa masikio yake mwenyewe. Itakayokataliwa itarudi na basi.

Kule Kakese, kijijini kwake, watu waliposikia Sixte anatafuta pikapu mbili, walidhani amepata mali na anataka kubeba mpunga kwenda mjini. Ilibidi mkewe, Generosa, awaeleze majirani mmoja mmoja kwamba si magari.

Gitaa lenyewe lilifika Mpanda na mzigo wa mtumba. Lilikaa dukani karibu mwaka mzima, maana kila aliyelishika alihesabu nyuzi, akahesabu tena, akalirudisha. Sixte alipolipiga mara moja tu, ule uzi wa ziada ukamtetemesha kifuani, akajua ni lake. Kazi yake ilikuwa mashine ya kukoboa mpunga. Mwaka wa kumi na tisa sasa alisimama kati ya injini ya dizeli na mdomo wa mashine, na alikuwa akiugusa ubavu wa mashine kwa kiganja tu akakwambia kama mpunga wako umekauka sawasawa au utatoka chenga. Siku za harusi alipiga solo katika bendi ndogo ya rafiki yake Melkior.

Shida ilianza baada ya Pasaka. Nyuzi nyembamba zilianza kufifia. Alibadilisha nyuzi, akabadilisha waya, akapandisha amplifaya, akapandisha tena. Kwenye kipaimara kimoja kule Kasokola, Melkior alimwambia mbele ya wageni apunguze. Sixte alipunguza, akapiga mpaka mwisho bila kujua anapiga nini, akaondoka bila kula. Tangu hapo walisalimiana kwa shida. Juzi Melkior alikuwa ametuma ujumbe: kuna harusi Jumamosi, na kama gitaa halijapona atatafuta mpiga kinanda.

Moshi wa risasi ukapanda kutoka kwenye ncha ya chuma cha kulehemu. Uwesu akafunga, akakaza nyuzi, akawasha amplifaya.

Pikapu za kwanza zilinguruma. Sixte alipogusa uzi wa saba, skrubu zikatembea kwenye kisahani cha fundi. Akapanda na shingo ya gitaa, noti kwa noti, na noti zikaenda naye mbali kuliko alivyowahi kufika kwa miezi mingi, kabla ya kuzimika moja moja kama taa za mtaa. Akatabasamu. Akasema hizi ndizo.

Uwesu akamsihi azijaribu na zile nyingine, kwa kuwa zimekuja. Kazi ikaanza upya. Jozi ya pili ilikuwa na sauti ya utulivu; chini palikuwa pazuri, lakini Sixte alipopanda juu hakukuta kitu.

"Hizi zimekufa huku juu," akasema. "Sawasawa na zile za zamani."

Fundi alizichukua zile za zamani, akazigusisha nyaya za mita yake, akasoma, akarudia. Akamwambia Sixte kwa sauti ya chini kwamba ni nzima, zote mbili, hazina tofauti na mpya. Sixte akasema mita haijui muziki, na akaomba arudishiwe zile za kwanza.

Alikuwa anazipiga kwa nguvu, macho ameyafumba kwa furaha, Uwesu alipomgusa bega. Mlangoni alisimama Mwanaiddi, fundi cherehani wa chumba cha pili, futi kamba ikining'inia shingoni.

"Samahani, kaka," akasema. "Zile ulizopiga kabla ya hizi zilikuwa zinaimba. Hizi zinanitoboa kichwa."

Sixte akamuuliza ni wapi hasa panapotoboa. Mwanaiddi akasogea, akaonyesha palepale kidole cha Sixte kilipokuwa. Sixte akapiga. Mwanaiddi akaziba sikio. Sixte akapiga tena. Alisikia kipande cha plastiki alichopigia kikigonga uzi, tak, kama punje ya mpunga inayoangukia bati. Baada ya hapo, hakuna.

Uwesu akazima amplifaya. Sixte akakumbuka kwamba siku hizi Generosa hamwiti kwa nyuma. Huja akasimama mbele yake ndipo aseme. Akakumbuka simu ambayo huambiwa na wateja kuwa inaita. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, na kila sababu aliitoa yeye mwenyewe.

Akatoka nje na simu. Melkior alipopokea, Sixte hakumsalimia.

"Sikuwa nakufanyia jeuri," akasema. "Nyuzi za juu sizisikii. Si gitaa, ni mimi."

Melkior akauliza yuko wapi.

Alifika kwa bodaboda, suruali bado ina udongo wa shambani, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Alikiri kwamba muda wote huo aliamini Sixte anataka kumfunika asisikike akiimba. Aliongea akimtazama usoni, polepole, bila kupaza sauti. Sixte akampigia zile pikapu za kwanza. Melkior alijitahidi, lakini pembe za macho yake zilikunjamana, na Sixte akaona. Uwesu akabadilisha. Kwa zile za pili, mabega ya Melkior yalishuka.

"Gitaa ni lako," akasema Melkior. "Chagua unazozisikia."

"Nazisikia za kwanza." Sixte akafuta nyuzi kwa kiganja, ingawa hazikuwa na vumbi. "Za pili zikoje?"

"Nzuri. Nzuri sana, ndugu yangu."

Sixte akazichukua zile za kwanza mezani, akazirudisha kwenye sponji yake, moja kisha nyingine, akafunga boksi jeusi na kulisukuma upande wa Uwesu. Fundi akasema kwamba hospitali ya mkoa wanapima masikio, aende na Generosa. Sixte akaitikia kwa kichwa. Ataenda wiki ijayo, mashine itasimamiwa na mwingine.

Halafu akalipakata gitaa. Alianzia chini kabisa, kwenye uzi wa saba, akiuacha upumue. Akapanda. Alipofika pale ambapo noti humwacha, vidole vilisita. Melkior alikuwa mbele yake, amefumba macho, kidevu kimeinuka kidogo. Sixte akasogeza kidole hatua moja zaidi, akapiga, na kidevu kile kikainuka nacho.