Mkono wa Baba Mapacha

Darasa la huduma ya kwanza lilifanyika katika chumba cha kulia cha kiwanda cha mbao. Muuguzi alisogeza vikombe vya chai pembeni, akatandaza vitambaa safi, akaomba mtu wa kufanyia mfano. Wote wakaangalia viatu vyao. Ndipo akaingia Baba Mapacha, aliyekufa mwaka jana, akaomba radhi kwa kuchelewa na kulaza mkono mezani. Ulikuwa ungali unavuja damu.

"Huyu anafaa," muuguzi alisema. "Nani anaanza?"

Siku msumeno ulipomkata, wenzake walifanya kama walivyozoea chochote kikimwagika: walimwaga maranda ya mbao juu yake. Maranda yakanywa damu, sakafu ikakauka, naye akaisha. Mkewe, mfagiaji wa kiwanda, ndiye aliyeyazoa.

Tangu azikwe, mumewe alikuwa akirudi nyumbani kila jioni na kulala upande wake wa kitanda. Kufua shuka hakukumsumbua Mama Mapacha. Kilichomuuma ni kwamba watoto walikuwa wameacha kumkumbatia baba yao, wakihofia kuchafua sare za shule.

Mpanga mbao alisogea mezani, maranda yamejaa viganjani.

"Weka chini, shemeji," Mama Mapacha alisema. "Unatibu mtu au sakafu?"

Yeye mwenyewe alikunja kitambaa, akakishindilia juu ya jeraha. Punde akataka kuchungulia.

"Usifunue!" muuguzi alisema. "Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kandamiza kwa uzito wako wote, na mwenzako apige simu ya gari la wagonjwa."

"Unaniumiza, mke wangu."

"Nyamaza. Ungeumizwa hivi mapema, tusingefika huku."

Akakandamiza mpaka mabega yakatetemeka. Damu ikakoma. Muuguzi akafunga bandeji, akamwita anayefuata.

Bosi alichungulia mlangoni.

"Umepona? Vizuri. Mashine yako haina mtu."

"Na kinga ya msumeno, bosi?" Mama Mapacha aliuliza. "Mliing'oa, hamjairudisha."

"Inachelewesha kazi, mama. Tulishaongea hayo."

Baba Mapacha alivaa aproni, akaenda kuwasha msumeno. Jioni hiyo watoto wangemkumbatia, hilo lilikuwa la hakika, ila ilikuwa bado asubuhi. Mama Mapacha alikusanya vitambaa vyote vilivyobaki, akaenda kusimama kando ya mumewe, mikono mbele, macho kwenye meno ya chuma.