Sungura wa Fustuki

Binti yangu Rand anafuga chatu. Ndiyo, chatu, humu humu ndani kwetu Amman, kwenye sanduku la kioo kando ya kabati langu la vyombo. Anamwita Fustuki. Alipokwenda Irbid kufanya mtihani wa siku tatu, aliniachia panya mmoja kwenye friza.

"Mama, huyu tu. Mweke kwenye maji ya moto mpaka barafu itoke, umpe kwa koleo."

Nilimtazama yule panya nikaona haya. Mgeni haondoki kwangu bila sinia ya wali na nyama, sasa huyu ninayeishi naye nimpe kitu cha kuenea kiganjani? Nikaenda sokoni, nikanunua sungura mdogo, muuzaji akamchinja.

Fustuki alimkamata. Kisha mdomo ukafunguka, ukazidi kufunguka, mpaka nikadhani kichwa kinapasuka. Nikakaa sakafuni. Saa nzima nilitazama manyoya yakiingia kidogo kidogo, ngozi ya shingo ikivutika hadi magamba yakaachana.

Kesho yake jirani yangu Umm Ghassan akaja kunywa kahawa.

"Hebu nimwone huyo mkweo," akanitania.

Nikamnyanyua Fustuki. Mwili ukajikunja, ukatikisika, na yule sungura akatoka mzima mzima miguuni petu, ameloa, ananuka. Umm Ghassan alipiga yowe akarukia kochi na viatu vyake. Fustuki alilala mdomo wazi.

Nikampigia Rand.

"Ulimpa nini?"

"Sungura. Mdogo."

"Mnene kuliko yeye?"

"Kidogo tu, mwanangu..."

"Mama! Chakula chake kisizidi unene wa tumbo lake! Na akishakula hashikwi! Umeniulia!"

Nilimkimbiza kwa daktari wa mifugo nikiwa na ndala, nimemfunga kwa taulo. Daktari akampapasa taratibu, koo mpaka mkia.

"Yu hai. Maji tu kwa wiki mbili, kisha panya mdogo kuliko anaowala siku zote."

"Mdogo kuliko yule wa kwenye friza?"

"Ndiyo, mama. Mdogo."

Rand aliporudi hakunisemesha mpaka keshokutwa yake. Wiki mbili zilipotimia akanipa koleo mwenyewe, akasimama nyuma yangu. Fustuki akakichukua kile kipanya, kikapotea mara moja, tumbo halikuonyesha chochote.

"Ameshiba?" nikauliza.

"Ameshiba, Mama."

Sikumwamini, lakini nikamrudishia koleo.