Kayaki za Kijivu

“Piga kafi uje kwangu, dada. Usiangalie maji, niangalie mimi.”

Zephania alikuwa akimwambia Rispah hivyo kwa mara ya tano tangu watoke ufukweni. Ilikuwa siku ya kwanza ya Rispah katika kazi ya kuongoza wageni baharini, asubuhi ya Februari 2016. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bahari, na kayaki yake ilikuwa ya kijivu, rangi ileile ya maji. Zamani kayaki zilikuwa za njano, zenye bendera. Sir, bosi wao, alizibadilisha mwaka 2014 kwa sababu wageni walitaka picha nzuri. Novemba ya mwaka huohuo boti ilimgonga na kumuua Shakir, mwongozaji wa kutoka Unguja. Ripoti ikasema hakufuata maelekezo. Wengine wamesahau. Zephania anakumbuka hata aina ya herufi za ripoti ile.

Ndiyo maana, walipofika sir asikoona, alimvisha Rispah fulana yake mwenyewe ya chungwa, aliyoivaa akichimba mitaro kwenye saiti ya ujenzi kule Ras Al Khor, juu ya jaketi la kuokolea.

“Nanuka saiti,” Rispah alisema.

“Nuka tu. Bora uonekane.”

Hapo akaisikia boti. Ilichomoka kwenye mlango wa marina, boti ya starehe ya ghorofa tatu, pua juu, ikija walipo. Zephania alipuliza filimbi. Muziki wa boti ukaimeza. Na Rispah, kwa woga, alikuwa anapiga kafi kuelekea mbele ya boti hasa.

“Simama!”

Alimaanisha aache kupiga kafi. Lakini Rispah alikuwa mlinzi miaka miwili kule Jumeirah Lake Towers, na bosi akipaza sauti vile, mlinzi hunyanyuka kitini kabla hajafikiri. Akasimama. Wima, juu ya kayaki, chungwa ikiwaka kwenye ukungu.

Pua ya boti ikakata kushoto. Wimbi lake likawapindua wote wawili.

Zephania alimpata Rispah kwa ile chungwa. Akaishika shingoni, akamvuta hadi mchangani.

Sir alikuwa anawasubiri na karatasi ya ripoti iliyokwisha kuchapwa.

“Alisimama kwenye kayaki. Hakufuata maelekezo. Zephania, wewe shahidi. Saini, khalas, yaishe.”

“Nilifuata, sir,” Rispah alisema, meno yakigongana. “Aliniambia nisimame.”

“Basi mtarudi kwenu wote wawili.” Sir akatoa simu. “Nampigia kafeel, mdhamini wa viza zenu.”

Zephania aliisoma karatasi. Maneno yaleyale ya Shakir, jina tu limebadilishwa. Ile ya Shakir Zephania aliisaini yeye mwenyewe, akiwa shahidi, kwa mkono huuhuu. Nyuma yake wageni wa saa mbili asubuhi walikuwa wamefika, wanacheka, kila mmoja anachagua kayaki yake ya kijivu.

Akaichomeka kalamu ya sir mchangani bila kusaini. Akamvua Rispah ile fulana ya chungwa, akaifunga kwenye kafi, akaingia majini hadi magotini, mbele ya kayaki zote, akaiinua juu kama zile bendera za zamani.

“Toa hilo tambara,” sir alisema, simu sikioni. “Yalla, haraka.”

Zephania aliiinua juu zaidi.

“Kaka,” Rispah aliita kutoka mchangani alikokaa, kwa sauti ndogo. “Na mimi nifanye nini?”

“Simama.”

Rispah akanyanyuka. Akaingia majini, akashika kafi chini ya mkono wa Zephania. Mbali kwenye ukungu injini nyingine iliwaka, na baada ya kitambo mawimbi yake yakaanza kuwapiga magotini, chungwa ikiwa bado juu.