Matanga ya Severini

Naketi kidogo tu, nawaambia wenzangu, tangulieni, miguu inaniwaka moto. Ziara yenyewe sikuitaka. Kikundi chetu kina mama kumi na wawili, vitenge sare, asubuhi tumeonyeshwa makumbusho ya mapanga na bunduki za majambazi, mchana huu jela ya zamani, eti ndiyo starehe! Naegemea ukuta, usingizi unanipitia, ukuta unalegea mgongoni mwangu, nami napita.

Niko kwenye ujia mrefu wa jela, kila nikifika mwisho unaanza upya, kulia kuna mji ndani ya kioo, kushoto mji uleule umegeuzwa, na humo kote wanapita kina mama wa sare yetu. Namwita mwenyekiti wetu, Mama Kilawe! Hakuna anayegeuka. Upweke unanibana kifua, jamani, upweke ule mtu anaouzoea mpaka anausahau. Anakuja mwongoza wageni, tai ipo, uso hakuna, ni ngozi tupu. Njia ya kutokea iko wapi, baba? Ni ileile uliyokataa kuingilia, ananijibu. Mh! Majibu gani hayo. Namfuata, nitafanyaje. Ananifikisha chumba cha wageni wa wafungwa, na Severini amekaa, kaka yangu, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni. Aliua mtu kilabuni, akahukumiwa kunyongwa, ikaja barua ndugu waje kumuaga. Barua niliipokea mimi. Nikaichoma jikoni kwa aibu, na tangu hapo, miaka thelathini na tano, nawaambia watu nimezaliwa peke yangu. Hakuna aliyemlilia. Dada Skola, anasema, waliniambia utakuja Alhamisi, nikanyoa ndevu. Mwongoza wageni ananiuliza, huyu ni wa nani? Nyuma ya vioo watu wote wamesimama, wananisubiri. Nafungua mdomo, na mdomo wangu mwoga unasema, simjui. Severini anafungua kifungo cha juu, taratibu, kama mtu aliyeambiwa leo hakuna basi la kwenda nyumbani.

Nalia mpaka mtu ananitikisa. Ni Mama Kilawe, mkoba kwapani, wenzake nyuma yake. We Skola, unaita Severini, Severini, jela nzima inasikia, Severini ndiye nani? Kaka yangu, nasema. Tumbo moja. Walimnyonga, sikwenda kumuaga, hata matanga sikuweka. Nasubiri wanicheke. Miaka yote hiyo, Skola, anasema Mama Kilawe, na sisi tupo? Tungekuja kulala msibani na wewe. Anavua viatu, anatandika khanga kwenye saruji, na wenzake wanatandika zao, wote kumi na mmoja wanakaa chini, miguu wamenyoosha, na mmoja anaanza kulia kwa sauti. Hivi nimeamka, au nimepita ukuta mwingine? Mambo haya hayafanyiki ziarani. Sijui, naogopa hata kujifinya. Askari wa getini anakuja mbio, mama zangu, tunafunga, tokeni. Mama Kilawe hanyanyuki. Kuna msiba hapa, baba, anamwambia, ingia utoe pole.