Mbuzi Aitwaye Karimi

Baba yangu, Mzee Nyamu wa Kiritiri, aliachiwa banjo, gita la duara lililowambwa ngozi kama ngoma, na mmishenari Mmarekani aliyekuwa akimpikia. Mmishenari alichimba kisima, kisima kikakauka, akarudi kwao. Banjo ikabaki. Baba alikuwa ameviangalia vidole vya yule mzungu miaka mingi, sufuria mkononi, basi akajifundisha mwenyewe, kisha akanifundisha mimi. Kaka yangu Ireri hakutaka. Alisema inalia kama mabati yaliyolegea.

Ngozi ya banjo ilipopasuka, tuliwamba ya mbuzi. Mimi ndiye niliyeitoa manyoya kwa majivu na kuivuta ingali mbichi, Baba akikaza skrubu moja moja kuizunguka. Siku hiyo alisema, mbele ya Mama na mbele ya Ireri, kwamba akifa banjo ni ya Karimi.

Karimi ni mimi.

Alikufa mwaka wa 1991, wiki ile ile niliyojifungua binti yangu Linda hapa Meru, nilikoolewa. Sikumzika baba yangu. Nilipopata nguvu za kusafiri, mtoto mgongoni, niliuliza banjo iko wapi. Ireri alitazama chini, akasema mzee aliomba azikwe nayo, na kwamba waliiweka miguuni pake ndani ya jeneza. Nikamgeukia Mama. Mama akaitikia kwa kichwa.

Utabishana vipi na maiti? Kila Desemba nilikwenda Kiritiri, nikasimama kando ya lile kaburi na kuuvumisha polepole, midomo nimeifumba, wimbo mmoja tuliokuwa tukiupiga na Baba. Ireri alikuwa akisimama karibu nami ameshika kofia mkononi.

Sasa nieleze kazi yangu, maana ndiko mambo yalikotokea. Nina diploma ya uhazili. Baada ya kuchoka kupiga chapa barua za wakubwa, nilifungua duka langu la kupiga chapa na fotokopi kule Majengo, ukuta mmoja na bucha. Mwaka wa 1999 nikaweka modemu kwenye kompyuta. Watu waliona nimepotea. Laini ilipiga hadi Nairobi, ikilia na kukatika kama mtoto mwenye kifaduro. Lakini wazazi wenye watoto ng'ambo walianza kuja kutuma barua pepe, na baada yao wafanyabiashara, na duka likasimama.

Mteja wangu mmoja alikuwa msichana wa Kimarekani aliyejitolea kufundisha sayansi huko Kiirua. Siku moja, akisubiri barua zake zishuke, alinisikia nikivumisha ule wimbo wa Baba. Akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia ni wa baba yangu. Alicheka, akasema babu yake pia alikuwa akiupiga, milimani kwao, na kwamba muziki huo una jina: bluegrass. Muziki wa banjo, fidla na magita yasiyo na umeme. Mimi miaka yote nilidhani ni nyimbo za kanisa la yule mmishenari zilizokosa maneno. Akaniandikia anwani ya kundi la wapenzi wa muziki huo, watu mia kadhaa wanaoandikiana kwa barua pepe. Andika moja, wanasoma wote.

Kundi lilikuwa na sheria moja: mgeni hujitambulisha. Hilo halikunitisha. Kanisani kwetu mgeni husimama, akasema jina lake, binti wa nani, ameolewa wapi, watoto wangapi, kama ameokoka, na salamu za kule alikotoka. Nikaketi kwanza nisome wenzangu walivyojitambulisha. Mmoja alikuwa dereva wa lori anayelala na mandolini kitini. Mwingine daktari wa meno aliyesema hapigi chochote, bali mkewe anapiga, na yeye hubeba viti. Mmoja aliandika kwamba ana mke, mbwa na banjo, na kwamba mbwa ndiye pekee asiyelalamika. Mzee mmoja alisema mikono yake imekufa ganzi, kwa hiyo siku hizi anasikiliza tu, na anaomba wasimwondoe. Niliwapenda. Hakuna aliyetaja cheo.

Nami nikasimama, ndivyo nilivyojiona, nikasema mimi ni Karimi, mke wa Kiunga, mama ya Linda, Mkristo, mwenye duka la kupiga chapa mjini Meru, Kenya. Nikasema nilipiga banjo nikiwa msichana. Ya baba yangu sikuyataja. Yalikuwa yangu.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. Mlezi wa kundi alikuwa mama mstaafu aitwaye Verna. Alinikaribisha vizuri. Kisha akaandika hivi, na ninatafsiri bila kuongeza:

“Wewe ni wa pili kutoka Kenya. Tayari tunaye Bwana Ireri wa Embu, mtoto wa pekee wa mzee aliyefundishwa banjo na mmishenari. Je, mnafahamiana? Alitutumia kaseti akiipiga banjo ya marehemu baba yake, ile yenye ngozi ya mbuzi ambayo anayo hadi leo, na wengi wetu tulitokwa na machozi. Nina swali dogo, tafadhali usikasirike. Mwishoni mwa kaseti kuna mama anayeita kwa mbali, Karimi, Karimi. Bwana Ireri alitueleza kwamba huyo ni mbuzi wao. Je, huko kwenu watu na mbuzi hupewa majina sawa?”

Kulikuwa na mteja akisubiri fotokopi za cheti cha ubatizo. Nilimtolea fotokopi zake. Zilitoka sawa, hakuna hata moja iliyopinda. Alipoondoka nikafunga mlango.

Kaseti ile naijua. Tuliirekodi likizo moja nikiwa bado shuleni, kwa redio ya kuazima, Baba akiwa amekaa kando akigonga mguu na mimi nikipiga. Kazi ya Ireri ilikuwa kubonyeza kitufe. Wimbo ulikuwa karibu kwisha mbuzi walipoingia kwenye mtama, na Mama akaanza kuniita niwatoe. Hakuwa akimwita mbuzi. Alikuwa akiniita mimi kwa sababu ya mbuzi.

Na ikiwa Ireri ana banjo ya kuwasimulia Wamarekani, basi jeneza lile lilikuwa na baba yangu peke yake.

Jumamosi nilijitayarisha asubuhi mapema. Mume wangu Kiunga aliniuliza kama naenda kugombana. Nilimwambia naenda kusalimia.

Ireri hufanya kazi ya karani mjini Embu, kwenye ofisi yenye kompyuta na barua pepe, na mwisho wa wiki hurudi Kiritiri, maana ndiye anayekaa na Mama bomani. Nilimkuta amevaa fulana, anakunywa chai nje. Mama alikuwa na ungo mapajani, anachambua ndengu. Walifurahi kuniona. Mama alitaka kunyanyuka anipikie, nikamzuia. Nilisema nimekuja kuchukua banjo.

“Banjo gani?” Ireri akauliza.

“Ile iliyo kwenye jeneza.”

Akaweka kikombe chini. Niliwasomea barua ya Verna kwa Kimbeere, lugha ya kwetu, yote, pamoja na mbuzi. Ireri alikuwa na ujasiri wa kucheka. Alisema wale wazungu hawajui kitu, waliuliza swali na yeye akawapa kitu cha kuwachekesha. Kwani ningetaka awaambie nini? Akiwaambia kuna dada, watauliza dada anapiga nini, na maneno yataongezeka.

Halafu akatoa yaliyokuwa moyoni. Wale watu walikuwa wakimtafutia mwaliko wa kwenda Amerika kwenye tamasha lao. Walikuwa wameshakubaliana nani atamlaza na nani atampokea uwanja wa ndege. Ofisini kwao Embu kila mtu alijua. Mkubwa wake alikuwa ameanza kumwita “Mmarekani” na kumwachia gazeti asome kwanza. Kilichobaki ni barua ya mwaliko ya kupeleka ubalozini, na sasa mimi nimejitokeza kwenye kundi na jina la mbuzi wake.

“Na ukifika huko,” nikamuuliza, “utapiga nini?”

“Nitasema niliumia kidole.”

Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa. Alikuwa amefikiria hata kidole gani.

Mama akasema, bila kuinua macho, kwamba Ireri akienda atatuvuta sisi sote, hata Linda. Kwamba nyumba inahitaji mtu mmoja atoke. Kwamba mimi nimeolewa Meru kwenye mvua na majani chai, nina duka, nina mume asiyenipiga, na banjo ni mti na waya. Kwa hiyo alijua. Alijua siku ile aliponiitikia kwa kichwa, na alijua kila Desemba, nilipokuwa kaburini na yeye yuko jikoni ananipikia muthokoi wa mahindi.

Ningeweza kuvumilia hayo. Kijijini kwetu binti akiolewa hatoki na kitu cha nyumba ya baba yake, na Mama alilelewa hivyo. Kitu kimoja tu nilitaka asinikatalie.

“Mama, siku ya ile kaseti. Mbuzi walikuwa kwa mtama, wewe ukaita. Ulikuwa unaita nani?”

Akaokota kijiwe kwenye ndengu, akakitupa.

“Siku gani?”

“Unaijua, Mama.”

“Sikumbuki,” akasema.

Mama yangu anakumbuka mbuzi aliyezaa mapacha mwaka wa ile njaa kubwa. Anakumbuka ni nani alikuja kwenye harusi yangu bila zawadi na alikula vipande vingapi vya nyama. Nilitazama vidole vyake. Vilikuwa vimesimama juu ya ndengu, havichambui.

Ireri aliingia ndani, akatoka na banjo. Ilikuwa imefungwa kwa blanketi nililomnunulia Mama, lile nililodhani amempa mgonjwa. Nikaifungua. Ngozi ilikuwa imepasuka katikati, na Ireri alikuwa ameiziba kwa selotepu. Nyuzi mbili hazikuwepo. Huyu ndiye mtu aliyeliza watu Marekani.

“Chukua,” akasema. “Si ndiyo unataka? Chukua uende nayo, ni yako kabisa. Lakini hao watu usiwaandikie habari hizi. Waambie tu majina yamefanana, akina Karimi ni wengi. Tumemaliza, dadangu?”

“Huwezi kuninunua kwa kitu changu,” nikamwambia, nikaiweka banjo begani.

“Karimi,” Mama akaita, na sauti ilikuwa ile ile ya kwenye kaseti, imezeeka tu. “Ndugu yako ni mmoja.”

“Hapana, Mama. Ameshawaambia watu mtoto ni yeye peke yake.”

Nilipita kando ya kaburi la Baba. Sikusimama. Nilikuwa nimelia hapo miaka minane kwa ajili ya kitu kilichokuwa chini ya kitanda.

Jumatatu nilifungua duka mapema kabla ya wateja, nikajitambulisha kwa kundi mara ya pili. Sikumtukana Ireri. Nilifuata utaratibu wa kanisani. Nilisema mimi ni Karimi, binti wa Nyamu wa Kiritiri, na mama yangu yuko hai. Tumezaliwa wawili, mimi na Ireri. Kwenye kaseti anayepiga ni mimi, mguu unaogonga ni wa baba yangu, na aliyebonyeza kitufe ni kaka yangu. Nikamalizia kwamba mbuzi wetu hawakuwa na majina. Nikabonyeza tuma, laini ikakatika, nikapiga tena hadi ikaenda.

Majibu yalikuja mengi. Verna aliomba msamaha kwa habari ya mbuzi hadi nikamhurumia. Yule daktari wa meno asiyepiga chochote alitaka kujua ngozi inawambwaje. Yule mzee wa mikono iliyokufa ganzi aliandika mstari mmoja tu, kwamba ameisikiliza kaseti tena na sasa anausikia mguu. Ireri alijitoa kwenye kundi bila kuaga. Alinitumia salamu kupitia mtu wa Embu, kwamba nimefunga mlango wa nyumba nzima kwa sababu ya wivu. Mama hakutuma salamu.

Jirani yangu wa bucha alinipa ngozi nzuri, changa, isiyo na jeraha la kupe. Aliniuliza Mama Linda anataka kuanza ngoma gani. Nikaipara nyuma ya duka, Linda akinishikia upande wa pili na kulalamikia harufu. Ilipokauka niligonga kwa ukucha, ikaitika. Vidole vyangu havikuwa vya zamani, lakini wimbo niliupata, na baada ya kuupata nikaamua kuwarekodia wale watu kaseti nyingine, maana waliiomba.

Linda alishika redio. Nikamwambia kabla ya muziki tutataja majina, kwa sauti, kila mtu aliyemo, na kazi yake. Akasema lake, na kwamba anabonyeza kitufe. Nikasema langu. Nikasema la Baba, kwamba wimbo umetoka kwake.

“Na Cucu?” Linda akauliza; ndivyo anavyomwita bibi yake. “Tumtaje?”

Nilimwambia Cucu yumo kwenye ile kaseti ya zamani. Kisha nikamwonyesha kwa kichwa abonyeze.