Yai la Kumi na Mbili

Miaka kumi na tisa Mama Ngozi alikuwa akipika mpira. Wasomi wangesema ni mwanasayansi wa maada, na cheti chenyewe kilikuwepo, kimening'inia ukutani nyuma ya feni mbovu. Lakini kazi ilikuwa kupika: anachanganya mpira laini na unga wa kaboni, anamimina kwenye kalibu, anaoka, kisha anauvika mkono wa roboti kama ngozi. Ngozi hiyo ikibonyezwa, umeme unaopita ndani yake hubadilika, na roboti hujua imeshika kwa nguvu kiasi gani.

Alasiri hiyo kamati ilikuwa inakuja kuona mkono ukiinua yai bichi. Yai likipona, maabara imepona. Likipasuka, mkurugenzi alishaamua chumba kiwe stoo ya viti, na wala hakuona haya kuja asubuhi kupima mlango kwa futi.

Kufikia saa sita mchana, mayai kumi na moja yalikuwa sakafuni.

“Hili dude linashika yai kama lina kisasi nalo,” alisema fundi mitambo, akipiga deki tena.

Mama yake Mama Ngozi aliingia na funguo ambazo bintiye alizisahau nyumbani. Bi mkubwa huyo alikuwa mfupi wa kimo, si wa maneno.

“Nani kalifundisha hili dude kushika taratibu?”

“Mimi, mama. Nabonyeza ngozi kwa kidole changu, kompyuta inaandika: hivi ni taratibu, hivi ni kwa nguvu.”

“Kwa kidole chako? Wewe? Ukinisuka nywele naona nyota mchana!”

“Mama, niko kazini.”

“Umetoa kalibu kwenye tanuri sasa hivi, mikono mitupu, hata uso hukukunja. Vidole vyako vimekufa ganzi, mwanangu.”

Mama Ngozi alimgeukia fundi amtetee. Fundi alikazana kupiga deki mahali palipokuwa pakavu. Kumbe alijua, tena siku nyingi. Aibu ilimpanda Mama Ngozi mpaka masikioni, na hasira juu yake. Alitamani kuwafukuza wote wawili, na ndoo yao. Lakini muda ulikuwa unayoyoma. Akavuta kiti.

“Kaa hapa, mama. Bonyeza.”

Bi mkubwa akabonyeza kama anayegusa shavu la mtoto mchanga aliyelala. Kompyuta ikaandika yote upya.

Kamati ilifika, suti tano na mkurugenzi akitabasamu kwa meno ya juu tu. Mkono ukashuka, ukalizunguka yai la kumi na mbili, ukaliinua. Yai zima! Fundi alipiga kigelegele, kazi ambayo haimo kwenye mkataba wake.

“Isije ikawa limechemshwa,” alisema mkurugenzi.

Mama Ngozi, furaha imempanda kichwani, alilichukua yai kutoka kwenye mkono wa roboti ili ampe alikague. Halikufika. Lilipasukia kiganjani mwake, ute ukachuruzika hadi kwenye kiwiko.

Kamati ilicheka na kupiga makofi: bichi kweli! Maabara inabaki, viti vitafutiwe kwingine.

Bi mkubwa peke yake hakucheka. Alitoa leso, akaushika mkono wa bintiye, akaanza kufuta kidole kimoja kimoja.

“Hapa unahisi?”

Mama Ngozi aliangalia kwanza ni kidole kipi kimeshikwa, ndipo akajibu.

“Nahisi, mama.”